Noah ya zamani inalia upande wa belti: jua ni altaneta, stering, AC au mkanda wenyewe kabla hujatoa hela

Noah za zamani, namaanisha zile SR40 na SR50 za injini ya petroli 3S na CR40 na CR50 za dizeli 3C, huku kusini kwetu Mtwara bado zinapiga kazi sana, zinabeba familia kwenda Masasi msibani, zinabeba masufuria ya shughuli, msimu wa korosho zinabeba na magunia ambayo hazikutengenezewa kubeba, na karibu kila moja kuna siku inaanza kulia kule mbele ya injini. Ukimpelekea fundi ukamwambia inalia, jibu la haraka ni "altaneta hiyo bosi". Inatafutwa ya mtumba, Mtwara mjini ikikosekana inaagizwa Dar inakuja na basi, unalipa spea, unalipa ufundi, gari linawashwa na mlio uko palepale. Simlaumu sana fundi manake injini imefukiwa chini ya viti, sauti inatoka huku inapiga bodi inasikika kule, kwa sikio tupu ni kubahatisha tu.

Ila hizi gari zina kitu kimoja kizuri ambacho gari za kisasa hazina. Belti zake za nje ziko mbalimbali, moja inazungusha altaneta, nyingine pampu ya stering, nyingine kompresa ya AC (mpangilio unatofautiana, kuna injini belti moja inabeba vitu viwili). Kwa hiyo unaweza kuzitoa moja moja, unawasha, unasikiliza, na ukifika mwisho unajua mlio ni wa nani. Unahitaji asubuhi moja, spana namba 12 na 14, na uvumilivu. Ukiwa hutaki kujichafua basi kaa na fundi, mwombe afuate mpangilio huu, na mwambie mapema spea hainunuliwi mpaka mlio umetenganishwa.

Kama yako ni Noah ya AZR60, ile ya kuanzia 2001 yenye injini ya 1AZ, hali ni tofauti kidogo. Ile ina mkanda mmoja mrefu unaozunguka kila kitu na tenshena (kifaa cha kukazia mkanda) inayojikaza yenyewe, na taimingi yake, ile ya ndani inayoendesha valvu, ni cheni. Huwezi kutoa moja moja, lakini kutoa mkanda wote mara moja na kuzungusha puli (magurudumu ambayo mkanda unapitia) kwa mkono kunafanyika vilevile, kwa hiyo endelea tu kusoma.

Kabla ya kugusa chochote

Gari likae sehemu tambarare na ngumu. Kwa wenzetu wa Shangani na Mikindani ambao uwanja wote ni mchanga, jeki inazama taratibu huku wewe uko chini hujui, weka ubao mpana na mzito chini yake, na juu weka stendi za chuma, tofali la saruji lisitumike kabisa, linapasuka ghafla bila kukupa dalili. Handbreki juu, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi.

Inua viti vya mbele utaona injini kwa juu, lakini belti zenyewe mara nyingi utazifikia vizuri ukiwa umelala chini. Vua saa, pete, cheni, kunja mikono ya shati, akina mama kanga na ushungi vifungwe nyuma kabisa au avae suruali na kofia, na watoto wasiwepo karibu. Feni ya rejeta iwe ya belti au ya umeme haina huruma na kidole. Na ukitaka kuingiza spana karibu na altaneta toa kwanza terminali ya hasi ya betri, waya mnene wa nyuma ya altaneta unatoka moja kwa moja kwenye betri, spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja utaona cheche ambayo hutaisahau.

Vingine: tochi, chupa yenye maji safi ambayo kizibo umekitoboa tundu dogo, bisibisi ndefu ya mpini mgumu, chaki, kitambaa, na simu ya kupiga picha mkao wa belti kabla hujaitoa. Kipande cha mpira wa bomba urefu wa mita moja nacho kitakuja kusaidia.

Mlio unatokea saa ngapi

Hapa usiguse spana bado. Washa gari likiwa la baridi, asubuhi, sikiliza na ujiulize unatokea wakati gani, manake wakati unakwambia zaidi kuliko sauti.

Kama inapiga kelele ndefu kali, chwiiii, mara tu ukiwasha halafu inapungua baada ya dakika moja mbili, hiyo ni belti inateleza. Betri imetoka kuwasha injini, altaneta inajaza kwa nguvu, inakuwa nzito kuzunguka, na belti iliyolegea au iliyong'aa inashindwa kuishika. Mwambao wetu asubuhi kuna unyevu mwingi kwa hiyo hii inajitokeza zaidi huku kuliko kule Masasi. Kelele hiyohiyo ikitokea ukikata stering mpaka mwisho, ni belti ya stering, na ikitokea pale AC inaposhika ni ya kompresa.

Kama ni kidogokidogo kwa mpigo, chi-chi-chi-chi, na mpigo unaenda haraka ukikanyaga mafuta, hapo belti inapita kwenye puli ambazo hazijanyooka pamoja, au mkanda una sehemu imeharibika inayopita palepale kila mzunguko.

Kama ni kuvuma, sauti nzito ya kusaga inayopanda na kushuka na resi bila kujali umewasha taa au umekata kona, kama mashine ya unga iliyo mtaa wa pili, hiyo ni beringi. Haijalishi ya nani kwa sasa, tutaipata.

Na kama ni kilio cha "nnnngggg" kinachotoka ukizungusha usukani tu, fungua kichupa cha mafuta ya stering kabla hujafanya kitu kingine chochote. Yakiwa chini ya alama au yana povu, pampu inavuta hewa. Toyota nyingi za umri huo zinatumia ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya Dexron kwenye stering, jaza mpaka kwenye alama, injini ikiwa inawaka zungusha usukani pole pole kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa bila kung'ang'ania mwisho, hewa itatoka. Halafu tafuta yalikotokea mafuta, hayaishi yenyewe.

Maji ya chupa

Hiki ni kipimo cha bure. Injini ikiwa inawaka na wewe umekaa mbali na feni, nyunyizia maji kidogo sana upande wa ndani wa belti, ule wenye mistari, belti moja kwa wakati. Usiloweshe plagi, distribyuta wala ekzosi ya moto.

Mlio ukikata ghafla halafu ukarudi maji yakikauka, shida ni puli hazijanyooka au belti imechoka mistari yake. Mlio ukizidi kuwa mkali, belti inateleza, maana yake imelegea au tenshena haina nguvu. Usipobadilika hata kidogo kwenye belti zote basi mkanda wenyewe hauhusiki, ni beringi au kitu cha ndani.

Wakati uko hapo naomba nikukataze jambo moja. Kuna mtindo wa kupaka sabuni ya mche, mshumaa, wengine hata grisi kwenye belti ili inyamaze. Inanyamaza kweli, siku moja au mbili, baadae inateleza zaidi, inapata moto, inang'aa na inalia kuliko mwanzo, na ule uchafu umeshajaza mifereji ya puli kwa hiyo hata ukifunga mpya nayo inalia. Ukikuta gari umelinunua limepakwa hivo, toa belti, safisha puli kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, kausha, funga belti mpya.

Kutoa belti moja moja

Hapa ndo kwenye kazi. Zima gari, toa ufunguo uweke mfukoni mwako mwenyewe (usimwachie mtu kwenye siti, kuna mtu atakuja kujaribu kama imepona). Piga picha. Chukua chaki weka mshale juu ya kila belti kuonyesha inazunguka kuelekea wapi, ili ukirudisha irudi mkao uleule.

Anza na belti iliyo nje kabisa, manake ya ndani haitoki mpaka ya nje itoke. Kwa altaneta kwa kawaida kuna bolti ya chini ambayo altaneta inazungukia, bolti ya kufungia juu, na bolti ndefu ya kurekebishia. Legeza ya chini kidogo, legeza ya kufungia, ndo uzungushe ile ndefu. Wengi wanavunja ile ndefu kwa kuwa wanaizungusha hizi mbili zikiwa bado zimekaza, na kwa chumvi ya bahari ya huku bolti zinakuwa zimeshika kutu, kwa hiyo weka mafuta ya kulainisha jioni ya jana yake. AC mara nyingi ina puli ndogo ya kati ya kukazia, ina nati katikati na bolti ya kupandisha na kushusha.

Ikitoka ya kwanza washa injini, dakika moja inatosha, sikiliza. Mlio upo? Zima, toa inayofuata. Mlio umekwisha? Basi mwenye kosa yuko kwenye ile njia ya belti uliyoitoa mwisho: kifaa chenyewe, puli yake ya kukazia, au mkanda.

Belti ya altaneta ikitoka taa ya betri itawaka, hiyo ni sawa. Belti ya stering ikitoka usukani utakuwa mzito, ni sawa pia. Kisichokuwa sawa ni kuendesha. Na wenye 3C mnisikilize hapa: dizeli hizi altaneta zake zina pampu ndogo nyuma yake ya kuvuta hewa ya breki, ile vakyumu. Belti ya altaneta ikiwa nje breki zinabaki ngumu, hazina msaada. Usilisogeze gari hata kulitoa kivulini. Na pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini, kwa hiyo ukikuta altaneta ya dizeli imelowa oili nyuma usikimbilie kusema sili ya injini, angalia hapo kwanza, manake oili ikiingia ndani ya altaneta inaua na mikaa yake ya kupitisha umeme pia.

Macho yasiondoke kwenye geji ya joto. Kwenye 3S pampu ya maji inazungushwa na taimingi belti iliyo ndani ya kava, kwa hiyo maji yanaendelea kuzunguka hata belti za nje zikiwa chini. Kwenye 1AZ pampu ya maji iko kwenye ule mkanda mmoja wa nje, ukiutoa maji hayazunguki, washa nusu dakika tu na uzime.

Mkono wako ndo kipimo

Belti zikiwa nje, injini imezimwa, zungusha kila puli kwa mkono. Hii hatua watu wanaipita haraka na ndo yenye majibu mengi.

Beringi nzima yenye grisi inazunguka laini ikiwa na uzito kidogo, ukiisukuma inazunguka kidogo na kusimama. Ukiisukuma ikazunguka mizunguko mingi yenyewe na sauti kavu ya "shhhh" usifurahi, hiyo imekauka, grisi imeondoka. Ukisikia chembechembe kwenye vidole, krr krr, njia za vigololi zimeliwa. Halafu shika puli kwa mikono miwili juu na chini uitikise, ikicheza hata kidogo imekwisha.

Zungusha polepole, vidole vyepesi. Puli ndogo ya kukazia ya AC ndo inayokufa mara nyingi kuliko zote, ni ndogo kwa hiyo inazunguka kasi kuliko wenzake, iko chini inapigwa na tope la masika na vumbi jekundu la barabara za huko juu Newala na Tandahimba, na hakuna anayeikumbuka. Beringi yake ni bei ya chakula cha mchana ukilinganisha na kompresa.

Kwenye kompresa zungusha puli ya nje peke yake, hiyo ina beringi yake na inazunguka muda wote injini ikiwa inawaka hata kama hujawasha AC. Kwa hiyo mtu akikwambia "haiwezi kuwa AC, mbona nimezima", anakosea. Sasa sahani ya mbele, ile inayoshikwa na sumaku, izungushe kivyake, ikigoma kabisa kuzunguka basi kompresa imejam ndani, hapo suala ni kubwa.

Ukimaliza kuzungusha pitisha macho kwenye belti yenyewe. Ikunje upande wa mistari utoke nje. Nyufa nyingi zilizokaribiana, vipande vimemeguka, pembeni nyuzi zinatoka, upande mmoja umeliwa kuliko mwingine (puli haijanyooka), au inang'aa kama nimesema. Belti za siku hizi hazipasuki sana, zinaisha taratibu, mistari inakuwa mifupi mpaka inagusa chini ya mfereji wa puli na kuanza kuteleza, kwa hiyo belti isiyo na ufa inaweza kuwa imekwisha pia.

Kuna Noah moja ya mwalimu jirani yetu, ilikuwa inapiga chwii kila akikata kona, na fundi alishasema "Mwalimu, pampu imekwisha hii, tafuta nyingine tu." Tulilala chini na tochi. Puli ya pampu ilizunguka laini kabisa, haichezi. Lakini belti ukiishika inaacha weusi mkononi, imelainika, imevimba pembeni, na juu yake kwenye kiungo cha mpira wa stering, chini ya klipu, kuna tone jekundu limening'inia. Unalifuta, unazungusha usukani mara mbili, linarudi. Mafuta yalikuwa yanadondokea kwenye mkanda. Mpira ulikatwa sentimita mbili pale ulipokuwa umekauka, ukafungwa klipu mpya, puli ikasafishwa, belti mpya, na ile pampu "iliyokwisha" bado inafanya kazi. Kwa hiyo belti ikiwa na mafuta usibadilishe belti peke yake, angalia juu yake kuna nini.

Bisibisi sikioni

Kama kuna puli mbili unazishuku na mkono haujakupa jibu la wazi, rudisha belti, washa, weka ncha ya bisibisi kwenye bodi ya kifaa karibu na beringi ilipo, kwenye chuma kisichozunguka, na mpini uubane kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Beringi nzima inatoa mvumo mwembamba wa moja kwa moja. Mbovu utaisikia inasaga humo ndani hadi unatoa kichwa. Linganisha altaneta mbele na nyuma, kompresa, pampu ya stering. Anayeshika bisibisi asiwe na haraka, na mtu mwingine asipige resi bila kuambiwa.

Ule mpira wa bomba unautumia tofauti, hauugusishi popote, mwisho mmoja sikioni na mwingine unautembeza, unanasa sauti za hewa. Manake kuna mlio wa "tik tik tik" unaodhaniwa ni belti kumbe ni gasketi ya ekzosi inavuja pale manifodi inapoungana na hedi (kichwa cha injini), na hiyo inasikika zaidi asubuhi, chuma kikipata moto kinajibana na sauti inapungua.

Altaneta, kwa kuwa ndo inayosingiziwa

Altaneta inalia kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza beringi, hiyo umeshaijua. Ya pili ni ya umeme, daiyodi (kile kinachogeuza umeme wake uweze kujaza betri) ikifa inatoa kilio chembamba kinachozidi ukiwasha taa kubwa, feni ya ndani na vitu vingine, na kinapungua ukizima. Pima kwa mita kwenye betri: gari limezimwa na limepumzika, betri nzima iwe kama volti 12.4 hadi 12.7, likiwa linawaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa inalia na volti ziko chini, fundi umeme ahusike. Volti ziko sawa na mlio ni wa kusaga, badilisha beringi tu, altaneta yako ya Japani iliyotoka na gari ni bora kuliko ya mtumba usiyojua ilikotoka.

Na tafadhali asiwepo mtu wa kukupimia altaneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inawaka ili "tuone kama itazima". Umeme unaruka juu ghafla, daiyodi zinakufa, kontrol boksi inaweza kufa. Ukiona mkono unaenda huko, ushike.

Puli ya kranki inayoyumba

Hii inawachanganya hata mafundi wazoefu. Puli kubwa ya chini kwenye injini nyingi imetengenezwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyogandishwa na mpira katikati ili kumeza mtetemo. Baada ya miaka ishirini na zaidi mpira unakauka na kuachia, pete ya nje inaanza kuteleza na kuyumba, belti zote zinapita zimepinda, zinalia chi-chi-chi, unabadilisha belti leo na baada ya muda mfupi imeliwa upande.

Kipimo chake: injini ikiwa imezimwa chora mstari mmoja wa chaki kutoka katikati ya puli, upite juu ya mpira, mpaka ukingoni. Washa, endesha kidogo, rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika, nusu ya ndani iko huku na ya nje imehama, hiyo puli imekufa. Pia simama pembeni kidogo ikiwa inazunguka uangalie ukingo wake kwa tochi, ikienda mbele na nyuma unaona kwa macho. Hakuna gundi wala kulehemu, inabadilishwa.

Belti zote ziko nje na bado inalia

Basi mlio uko nyuma ya kava au sio wa mbele kabisa. Kwenye 3S uangalie taimingi belti, puli zake za kukazia, na pampu ya maji. Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake, sili ikianza kuchoka maji yanatoka hapo na kuacha alama iliyokauka, nyeupe au rangi ya kulanti yako (dawa ya maji ya rejeta). Ukiona alama hiyo, au maji ya rejeta yanapungua bila kuona dimbwi, usisubiri.

Taimingi belti ya 3S na 3C inabadilishwa kila kilomita 100,000, na gari ukilinunua bila kumbukumbu hesabu kwamba haijabadilishwa. Belti ikikatika kwenye 3S gari linazima barabarani na mara nyingi valvu zinapona. Kwenye 3C pistoni zinagonga valvu, hapo unafungua hedi. Ukifungua kava hilo badilisha kwa pamoja belti, puli za kukazia na pampu ya maji, ufundi ni uleule mmoja, hakuna maana ya kurudi tena baada ya miezi kwa sababu uliokoa beringi moja.

Gari la gia za mkono, kanyaga klachi. Mlio ukibadilika au ukikata, hizo ni beringi za upande wa gia, belti hazina habari.

Kununua na kufunga

Beringi usinunue kwa jina la gari, nunua kwa namba iliyoandikwa pembeni yake. Mfano 6203-2RS: tarakimu mbili za mwisho za namba, 03, zinakupa tundu la ndani milimita 17 (00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5). 6203 ni 17 kwa 40 unene 12, wakati 6303 ni 17 kwa 47 unene 14, kwa hiyo moja na nyingine hazibadilishani hata kama tundu ni sawa. 2RS ni mfuniko wa mpira pande zote mbili, ZZ ni wa bati. Kwa barabara zetu za vumbi na tope chukua wa mpira. Ukiona C3 imeandikwa kwenye ya zamani, na mpya iwe C3, ina nafasi kidogo ya kupanuka ikipata moto. Majina makubwa ya Japani yanaigwa sana, angalia maandishi kwenye chuma yawe yamechorwa safi, zungusha mkononi, na duka likikukatalia kufungua boksi ondoka.

Kuifunga, nguvu ipite kwenye pete inayoingia kwa kubana. Ikiingia kwenye nyumba yake gonga pete ya nje kwa kutumia soketi inayolingana nayo, ikiingia kwenye shafti gonga ya ndani. Ukigonga pete isiyohusika, vigololi vinaacha alama na beringi mpya inaanza kulia kesho yake. Mashine ya kubania ikiwepo ni bora zaidi.

Belti imeandikwa mgongoni, mfano 4PK890, mistari minne, urefu milimita 890. Maandishi yakiwa yamefutika rekebisha bolti ya kukazia iwe katikati ya safari yake, zungusha kamba kwenye puli, pima kamba. Za Toyota zenyewe namba yake inaanza na 90916.

Kukaza: bonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu zaidi, kwa nguvu ya kama kilo 10, ishuke karibu milimita 10, mpya ishuke kidogo pungufu ya hapo. Usikaze mpaka inakuwa ngumu kwa kuogopa italia tena, belti iliyokazwa kupita kiasi inavuta puli pembeni muda wote na kuua beringi ulizotoka kununua. Kaza kwanza bolti ya kufungia, kisha ile ya kuzungukia.

Washa dakika tano, zima, pima tena, belti mpya inanyooka kidogo. Ukishaenda Lindi na kurudi, ambayo ni kama kilomita 200 na kitu, acha gari lipoe kabisa upime mara ya mwisho. Na ile belti ya zamani kama bado haijachanika funga vizuri uiweke chini ya kiti pamoja na spana zako za 12 na 14, belti ikikatika usiku kati ya Nangurukuru na Somanga duka la spea la karibu halipo.